Rais Ameshindwa, Amekubali

Kila baada ya miaka minne, Waamerika wanapopiga kura, mimi huamka mapema kuliko siku zote. Nimeamka hivyo katika chumba cha kupanga Eldoret, katika lojingi ya madereva Malaba, na mara moja sakafuni kwa rafiki kule Kisauni, maana sijawahi kukaa mahali pamoja hadi uchaguzi wao ukanikuta palepale mara mbili. Natafuta redio. Siku hizi ni simu. Sina haraka ya kujua nani ameshinda, hilo nitaambiwa na kila mtu. Namsubiri yule mwingine, aliyeshindwa, asimame mbele ya watu wake aseme maneno yake. Na akishaanza tu kusema, nauona mkono wa mtu umeshika chaki, nami nazima.

Mkono huo ulikuwa wa mzee mmoja mchonga vinyago. Banda lake lilikuwa jijini, nyuma ya mtaa wa Makongeni, kando ya kijia ambacho vibarua walikipita kwa miguu asubuhi wakielekea Industrial Area. Lilikuwa la mabati, na mbele lilikuwa na mlango mmoja mkubwa wa mbao uliofunguka kwa nje. Ndani walikaa wachongaji sita, wote wa Ukambani isipokuwa kijana mmoja wa mtaa wa Huruma mwenye mdomo mwingi, na mimi. Mimi nilitoka magharibi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, alama zangu hazikunipeleka popote, na mjomba wangu aliyekuwa dereva akanipa kitanda Makongeni na kuniombea kazi kwa mzee huyo. Sikujua kuchonga. Nilipiga msasa na kupaka polishi ya viatu, ile nyeusi, ili mti wa kawaida ufanane na mpingo.

Tulitengeneza ndovu. Twiga pia, na vifaru, lakini hasa ndovu, kwa sababu watalii walipenda ndovu. Chini ya mguu wa kila mnyama, mchongaji aliweka alama yake kabla kinyago hakijaingia kwenye sanduku. Mmoja aliweka msalaba, mwingine duara. Alama ya mzee ilikuwa mikato mitatu midogo iliyofunguka kama unyayo wa kuku. Kazi isiyo na alama haikupokewa. Mzee aliishika, akaigeuza, akauliza, "Hii ni ya nani?" na mwenye kazi alipaswa kusema mara moja, hata kama sikio la ndovu lilikuwa limepasuka.

Mzee hakujua kusoma. Aliacha shule darasa la pili, na alisema herufi zilimtoka kama meno ya utoto. Lakini aliweza kunakili umbo lolote. Mteja akileta kwenye karatasi jina alilotaka lichongwe chini ya kinyago, mzee aliliweka mbele yake na kulichonga herufi kwa herufi, hata lile doa la wino uliomwagika. Kwa hiyo mimi, mwenye kidato cha nne, nikawa karani wake. Ndivyo alivyoniita: karani.

Upande wa ndani wa ule mlango mkubwa tulikuwa tumepigilia ubao uliopakwa rangi nyeusi. Juu yake niliandika oda za siku: ndovu wakubwa, ndovu wa kati, twiga. Mlango ukiwa umefungwa, ubao ulitutazama sisi. Ukifunguliwa hadi mwisho, ubao uligeukia kijia. Hakuna aliyejali. Nani angesimama kusoma idadi ya twiga?

Mwaka ule wa tisini na mbili niliongeza mstari mmoja chini ya oda. Mzee alikuwa na redio ya mawimbi mafupi, waya wake umefungwa kwenye bati, na betri zake tulizianika juani zilipochoka. Asubuhi kabla ya kazi alisikiliza idhaa ya Kiswahili kutoka ng'ambo. Wachongaji wengine walichelewa kufika, wakawa wanauliza, "Leo wamesema nini?" Basi nikaandika AMERIKA kwa herufi kubwa, na chini yake habari moja ya siku.

Ilikuwa Amerika kwa sababu wao walikuwa na uchaguzi mwezi wa kumi na moja, na kwa sababu sisi pia tulikuwa tumeahidiwa wetu, wa vyama vingi, mwisho wa mwaka. Wetu haukuzungumzwa kwa sauti. Wa kwao ulizungumzika.

"Huyu rais aliyeko, mnyama wake ni nani?" mzee aliniuliza siku moja.

"Ndovu, Mzee. Chama chake ni cha ndovu."

"Na huyo kijana anayemsumbua?"

"Punda."

Mzee aliweka chini tezo yake ya kuchongea. "Basi mimi ni wa ndovu. Ndovu amesomesha watoto wangu wanne. Punda hata mtalii mmoja hajawahi kumuulizia."

"Lakini buda," akadakia yule kijana wa Huruma, "si punda ndiye amekubebea maji huko kwenu tangu uzaliwe?"

"Kubeba, amebeba. Kununuliwa, hajanunuliwa."

Banda zima likacheka. Tangu siku hiyo tukagawanyika, ndovu upande wa mzee na punda upande wangu, na Mama Chai aliyetuletea birika kila saa nne akawa anauliza kwanza, "Kikombe hiki cha punda ama cha ndovu?"

Mimi nilikuwa wa punda kwa moyo wote. Aligusia mabadiliko, na neno hilo kwetu wakati huo watu walilisema kwa vidole viwili, alama ya upinzani, wakiviinua haraka na kuvishusha kabla hawajaonekana. Lakini hata punda hakunishika kama kilivyonishika kitu kingine. Siku moja idhaa ilieleza kwamba mwananchi wa kawaida tu, mtu wa kuketi kwenye viti vya watazamaji, alisimama akamuuliza rais swali la kumkera, na rais akajibu. Nilimweleza mzee kwa furaha kana kwamba aliyeuliza ni shangazi yangu.

"Akamuuliza uso kwa uso?"

"Uso kwa uso, Mzee."

"Na siku ile alilala wapi, huyo mtu?"

"Kwake."

Mzee alipuliza vumbi la mti kwenye mgongo wa ndovu. "Kwake," akarudia, kama mtu anayejaribu kiatu kipya.

Miaka minne kabla ya hapo, sisi hatukupiga kura kwa karatasi. Tulipanga mlolongo nyuma ya picha za wagombea. Mimi nilikuwa bado shuleni, lakini mzee alisimama foleni. Alituambia foleni ya mtu wake ilizunguka uwanja ikatokea langoni, na ile nyingine ilikuwa ya watu wa kutosha harusi ndogo. Kisha ikatangazwa kwamba fupi ndiyo ndefu. "Mimi napima gogo kwa jicho," alisema, "natoa ndovu wawili bila kubaki kipande. Siku hiyo nikaambiwa jicho langu halioni." Nadhani ndiyo maana aliipenda ile redio. Alitaka kusikia mahali ambapo jicho la mtu bado linaona.

Asubuhi ya matokeo ya Amerika tulikuwa watatu bandani: mzee, kijana wa Huruma, na mimi. Ilikuwa saa moja na kitu, mlango umefungwa ili kelele za kijia zisitusumbue. Nje tulisikia viatu vya vibarua, vingi, kama mvua ya mawe madogo. Redio ilikuwa ikienda na kurudi. Tukasikia sauti ya mzungu, na juu yake sauti ya mtangazaji akitafsiri. Rais wa kule alikuwa akizungumza na watu wake. Wapigakura wamekwisha sema, na yeye anaheshimu walichosema. Amempigia mwenzake simu kumpongeza.

"Amepiga simu?" mzee aliuliza. "Yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe, Mzee."

"Na jeshi liko wapi?"

"Halijatajwa."

Mzee aliinamisha kichwa. Nilidhani ana huzuni kwa ajili ya ndovu. Lakini alipoinua uso alikuwa akitabasamu, tabasamu la mtu aliyeona fundi mwingine akifanya kazi nzuri. "Andika, karani," akasema. "Hiyo uiandike vizuri."

Nikachukua chaki. Neno AMERIKA halikuwepo. Jana yake watu walikuwa wameingiza magogo, na bega la mtu au gogo lenyewe lilikuwa limepangusa sehemu ile ikabaki ukungu mweupe. Chaki yangu ilikuwa kipande kama jino. Niliandika kwa herufi kubwa kuliko siku zote:

RAIS AMESHINDWA. AMEKUBALI.

Kijana wa Huruma alisoma kwa sauti, akapiga kelele, "Punda oyee!" na akausukuma mlango kwa mguu. Ukafunguka hadi mwisho.

Wanaojua nchi yetu ya miaka ile hawahitaji kuelezwa. Kulikuwa na rais mmoja tu ambaye mtu angeweza kumwita Rais bila kuongeza neno. Na kushindwa, kwa lugha yetu, si kwa kura tu. Mtu hushindwa na gunia, hushindwa na kazi, hushindwa kulea watoto wake. Uchaguzi wetu ulikuwa bado, lakini sentensi yangu haikuhitaji uchaguzi. Ilisema kwamba mtu fulani ameshindwa kazi, na hatimaye amekiri.

Walisimama kwanza wanawake wawili wenye aproni za kiwandani. Mmoja alisoma akitembeza midomo, kisha akamshika mwenzake mkono. "Ni kweli?" Nyuma yao wakaja wanaume, na nyuma yao wengine, hadi kijia kikaziba. Mama Chai, ambaye hakuwa amefika hata na birika, alipiga yowe, "Wuui! Nilijua hamalizi mwaka!" Mtu aliinua vidole viwili na safari hii hakuvishusha. Mwingine akauliza, "Imetangazwa na nani?" na kumi wakamjibu, "Redio! Redio ya ng'ambo!" Mmoja alitimua mbio kuelekea viwandani ili awe wa kwanza kuwaambia walioko getini.

"Ni ya Amerika!" nilisema. Nilisema. Lakini sijui kama nilipaza sauti.

Mzee alisogea mlangoni, akawatazama wale watu. Hakuweza kusoma ubao wala hakuwa na haja. "Karani," aliniambia polepole, "umewaandikia nini?"

Nilipomwambia lile neno limefutika, wao walikuwa wameshafika. Wanaume wawili wenye makoti na askari mmoja. Umati uliyeyuka kwa namna ambayo sijawahi kuona tena. Dakika moja kijia kimejaa, dakika ya pili ni ndala moja ya bluu imelala vumbini. Kijana wa Huruma alitorokea nyuma, kwenye bati lililolegea. Mimi sikukimbia. Ningependa kusema ulikuwa ujasiri. Haukuwa.

"Nani ameandika hii?" akauliza mwenye koti la kijivu.

"Hii mlango ni yangu," mzee akasema.

"Hatujauliza habari ya mlango. Nani ameandika?"

Lilikuwa swali lake mwenyewe, lile alilotuuliza kila siku akiwa ameshika kinyago kisicho na alama. Nilikuwa na jibu mdomoni. Nilisikia uzito wake kwenye ulimi. Kisha nikasikia mzee akisema, "Ni mimi."

Yule wa pili akacheka. "Mzee, wewe unajua kuandika?"

"Lete chaki."

Chaki ilikuwa mkononi mwangu. Mzee alinijia, akaichukua kutoka vidoleni mwangu jinsi fundi anavyochukua patasi yake kwa kibarua, bila kunitazama. Akakalia kigoda. Akavuta mfuniko wa sanduku la ndovu, akauweka mapajani. Kisha akaanza. Jicho ubaoni, mkono kwenye mfuniko. Jicho ubaoni, mkono kwenye mfuniko. Hakuandika sentensi. Alichora vitu ishirini na kitu, kila kimoja na umbo lake, kama ambavyo angechora mkonga na pembe. R yangu ina mguu mrefu, aliutoa. K yangu hupiga teke, ikapiga teke. Nukta ya kwanza nilikuwa nimeibonyeza chaki hadi ikasagika, naye akaibonyeza hadi ikasagika. Alipomaliza, kwa mazoea tu, nadhani hata hakufikiri, akaweka pembeni mikato yake mitatu.

Mwenye koti la kijivu aliulinganisha mfuniko na ubao. "Ni mwandiko uleule," akasema.

Walimwinua. Alipofika mlangoni aligeuka. "Karani, wale ndovu wa mwisho, masikio hayajaisha. Upige msasa vizuri."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu kwa miaka minne.

Mjomba alirudi mchana ule akiwa tayari amesikia. Hakuniuliza kama ni mimi. Alinipa begi na kuniambia niende nyumbani, nikae hadi uchaguzi upite. Nilipanda gari la magharibi siku hiyohiyo. Masikio ya wale ndovu sikuyagusa.

Desemba nilipiga kura yangu ya kwanza, kwa karatasi, katika shule niliyosomea. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo tangu nijue kusoma gazeti. Nilipofika mbele ya lile sanduku nilihisi kama nimevaa shati la mtu mwingine. Matokeo yetu yalipotangazwa, aliyekuwepo akabaki, na walioshindwa hawakumpigia simu.

Baada ya hapo sikukaa. Nilifanya kazi mahali pengi, nikalala mahali pengi zaidi. Kijana wa Huruma nilikutana naye mtaani Mukuru kwa Reuben mwaka wa tisini na nne, akiwa kibarua kwenye kiwanda cha sabuni, na ndiye aliyenipa habari.

"Niaje, punda!" aliniita kwa mbali. Tulicheka, kisha akaacha kucheka. "Buda alirudi kabla ya Krismasi. Banda akakuta limefungwa. Akachukua redio yake akaenda kwao."

"Alikuwa sawa?"

Aliinua kidole gumba cha mkono wa kulia. "Hiki hakikunjiki. Tukamuuliza, akasema alianguka."

"Alisema kitu kuhusu mimi?"

"Aliuliza tu kama ulipiga msasa."

Hadithi hii nimeisimulia mara nyingi. Niliisimulia kwenye malori, kwenye baa, kwa watu nisiowajua. Niliisimulia kama kichekesho: jinsi neno moja lilivyofutwa na gogo, na asubuhi moja Makongeni nzima ikaamini kwamba Rais wetu ameacha kazi. Watu walicheka hadi wakapiga meza. Mwisho wake niliufupisha. "Mzee mmoja akapelekwa, lakini walimwachilia." Na kila mara niliposema "makosa," kila niliposema "neno lilifutika na sikuona," kuna mtu nyuma yangu aliyeniuliza: hii ni ya nani?

Novemba ya tisini na sita nilikuwa Machakos, kulekule Ukambani, nikipakia embe sokoni. Asubuhi hiyo redio ya muuza soda ikasema Waamerika wamepiga kura. Punda alikuwa ndiye rais sasa, naye ameshinda tena. Ndovu mwingine alikuwa amesimama akakubali. Niliweka kreti chini. Nilimwambia msimamizi kwamba nina mgonjwa, nikaulizia njia ya kwenda kwa mzee.

Nyumba yake haikuwa ngumu kuipata. Kila mtu alimjua yule wa vinyago, ingawa mwanamke aliyenielekeza alisema siku hizi anachonga miiko tu. Nilimkuta chini ya ukumbi wa mabati mbele ya jiko, amekalia kigoda. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Mwiko aliuegemeza kwenye goti, tezo ikiwa mkono wa kushoto.

"Shikamoo, Mzee."

Alinitazama kutoka miguuni hadi usoni. "Karani," akasema. "Umekuja kumalizia masikio?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Alinivutia kigoda. Mkewe akaleta uji, akanisalimia kama mgeni yeyote, akaingia ndani. Ndipo nilipoinua macho nikaiona. Kwenye boriti iliyoshika bati la ukumbi, karibu boriti nzima, maneno yalikuwa yamechongwa:

RAIS AMESHINDWA. AMEKUBALI.

R yenye mguu mrefu. K inayopiga teke. Herufi za mwanzo zilikuwa zimeyumba, mtu angeona mkono wa kushoto ukijifunza, lakini kufikia nukta ya mwisho zilikuwa zimetulia. Mwandiko wangu, juu ya kichwa chake, mahali ambapo mgeni yeyote wa nyumba angeuona.

"Ni sentensi pekee ninayoijua," alisema. "Huko nilikokuwa hakukuwa na la kufanya, nikawa naichora sakafuni kwa ukucha nisije nikaisahau. Nimepata adhabu ya kitu, si angalau nikijue? Nilipofika huku nikaichonga. Kisha mjukuu wangu akanisomea herufi moja moja. Sasa hizo nazijua zote." Akapangusa vumbi la mbao gotini. "Leo si ndiyo siku yao?"

"Ndiyo, Mzee. Rais ameshinda."

"Ameshinda." Alisimama kwa taabu, akainua mkono wa kulia hadi kwenye boriti. Kwa kile kidole gumba kisichokunjika, akaifunika herufi moja, W. Akasoma polepole, akiruka pale kidole kilipokuwa. "A-me-shi-nda." Akakiondoa kidole. "A-me-shi-ndwa." Akanigeukia, na uso wake ulikuwa wa mshangao mtupu, bila hasira. "Ni hii moja tu, karani? Hii ndogo?"

"Ni hiyo moja."

"Watu wanauana kwa ajili ya kitu kidogo hivi."

Uji wangu ulikuwa umepoa. Nilijua nikimaliza bakuli lile nitaaga, na nikiaga sitarudi tena, kwa sababu najijua. Nikaweka bakuli chini.

"Mzee, siku ile nilikuambia neno Amerika lilifutika."

"Uliniambia."

"Nimewaambia watu wote kwamba sikuona. Niliona. Nilipochukua chaki niliona kwamba halipo. Nilikuwa na chaki ya kutosha. Nikatazama pale palipofutika, nikaona jinsi mstari utakavyosomeka bila hilo neno, na nikaupenda." Nilisema nikiutazama uji. "Nilitaka kuiona imeandikwa hivyo. Mara moja tu, kwetu ndani, mlango umefungwa. Na walipouliza ni nani, nikanyamaza."

Mzee aliketi tena. Alichukua mwiko, akaugeuza, akaupuliza. Kuku walikuwa wakichakura vumbi la mbao miguuni mwetu.

"Hilo neno," akasema mwishowe, "Amerika. Linaandikwaje?"

Nililichora chini kwa kijiti. Aliinama kulisoma, kisha akatazama boriti, kisha akarudi kulisoma, jicho juu, jicho chini, kama siku ile.

"Herufi zake zote zimo," alisema. "Hakuna hata moja ambayo haimo."

"Zimo zote, Mzee."

"Zilikuwa palepale."

Nilimwambia kama ana kalamu nitalichora kwenye boriti, mbele, kuna nafasi, naye alichonge. Au nilichonge mimi hata kama vibaya. Angalau sentensi iseme ilichopaswa kusema. Alitikisa kichwa.

"Wacha. Uliandika ulichotaka kuandika, nami nikalala ndani kwa ajili ya hiyohiyo. Ukibadilisha sasa, mimi nililala kwa ajili ya nini?" Akaelekeza mkono kwenye mwisho wa boriti, mahali ambapo sikuwa nimepaangalia. Baada ya nukta ya pili kulikuwa na mikato mitatu midogo, unyayo wa kuku. "Lakini hii alama si ya kweli. Mimi sikuifanya hii kazi. Niliinakili."

Akaingia ndani, akatoka na kipande cha mkaa, akanipa. "Weka yako."

Nilipanda juu ya kigoda. Niliandika jina langu lote, la kwanza na la baba, nyuma ya ule unyayo wa kuku, kwa mwandiko ambao mtu yeyote wa kulinganisha angesema ni uleule. Mkono ulitetemeka kwenye herufi ya pili na sikuirudia. Nilipotelemka, yeye akapanda nilipokuwa, polepole, mke wake akimshika kiuno kutoka nyuma na kumgombeza kwa Kikamba. Akaweka patasi kwenye herufi ya kwanza. Jicho, mkono. Jicho, mkono. Alinakili hata pale nilipotetemeka.

Nilikuwa na gari la kuwahi, na sikungoja amalize. Nilipofika barabarani nilikuwa bado nasikia tezo ikigonga patasi. Ilikuwa ikigonga, inanyamaza, inagonga tena. Nimehama mara nyingi tangu hapo, na asubuhi za Novemba kama hizi, yule aliyeshindwa anapofungua mdomo kabla sijazima redio, huwa nahesabu jina langu herufi kwa herufi, nikijiuliza alifika ya ngapi.